Sare Haitoshi: Sehemu ya Kumi na Nne

Haya, kaeni vizuri. Wiki nzima mmenisumbua kwa barua, mnataka kujua yule mzee mnene alimnong'oneza nini Bi Beryl Sugden hadi sahani ikamponyoka na kuvunjika mbele ya wageni. Leo nasema.

Alimwambia maneno manne tu: "Ule wa ukungu, mliuhesabu?"

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: ni Jumamosi ya mwisho ya msimu, na Marsdale Town tuko nyumbani dhidi ya Kelbury. Timu mbili zinashuka daraja. Ya mwisho ilishajifia tangu Pasaka, na ya pili ni mimi au wewe. Sisi tuna pointi arobaini na sita, Kelbury arobaini na nne. Sare inatuokoa sisi, wao ni lazima washinde. Hesabu hiyo Marsdale nzima iliilala na kuiamka tangu Jumatatu.

Beryl ni katibu wetu, mwaka wa thelathini na moja sasa, kwa penseli na daftari la kijani. Mzee mnene ni Rodney Stainforth, mwenyekiti wa Kelbury. Na kwa desturi yetu, mwenyekiti wa wageni hulishwa na wenyeji wakati wa mapumziko, hata kama asubuhi uliomba apasuke.

"Ukungu gani, Bwana Stainforth?" Beryl aliuliza, akiinama kuokota vigae.

"Aa, nauliza tu, mama." Stainforth alijifuta mafuta ya pai kidevuni. "Februari, kwetu. Refa alivunja mechi dakika ya sabini na moja kwa sababu ya ukungu. Nahodha wenu, Ormerod, alikuwa jukwaani na suti yake. Alikuwa anatumikia adhabu, au mimi ndiye nimezeeka?"

"Alikuwa anatumikia."

"Basi." Akachukua pai la pili. "Pai zenu tamu, Bi Beryl. Nitazikumbuka mwakani, mkiwa kule chini."

Akalipapasa koti lake upande wa moyo. Ncha ya bahasha nyeupe ilichungulia mfukoni, kisha ikarudi ndani.

Beryl alitoka pale kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuleta chumvi. Alipofika kona ya korido akaanza kukimbia. Ana miaka sitini na mitatu na goti bovu, na mara ya mwisho watu kumwona akikimbia basi la timu lilikuwa limemwacha.

Ofisi yake iko chini ya jukwaa la magharibi. Juu ya dari ni miguu ya watu, na wakiimba vumbi humdondokea kwenye chai. Aliufunga mlango kwa ufunguo, akalifungua daftari.

Februari. Ormerod, kadi ya kumi ya njano. Adhabu, mechi mbili nje. Ya kwanza, Jumanne: msalaba. Ya pili, Kelbury ugenini: msalaba.

Msalaba ule aliuweka kwa mkono wake. Ndivyo afanyavyo kazi tangu zamani: mchezaji aliyefungiwa humkalisha kando yake jukwaani, na akishakaa naye humwekea msalaba. Siku ile Ormerod alikaa, meno yanagongana, wakagawana chai ya chupa yake hadi ukungu ukaumeza uwanja wote. Mtu aliyeganda kwa baridi dakika sabini na moja bila kugusa mpira, kwa Beryl alikuwa ameshalipa.

Lakini kanuni haijui baridi. Alikitoa kitabu cha ligi, akapitisha kidole mstari kwa mstari, na pale chini kabisa akaukuta: mechi isiyofika mwisho si mechi, wala haihesabiwi kwenye adhabu.

Maana yake Jumamosi iliyofuata Ormerod alicheza akiwa bado amefungiwa. Na hakucheza tu. Alifunga goli pekee la siku hiyo, kisha akachanika msuli akakaa nje wiki tatu, na adhabu ikajimaliza yenyewe bila mtu kujua. Kosa la mechi moja. Pointi tatu.

Beryl akaandika kwenye kiganja. Leo tukitoka sare, arobaini na saba. Ondoa tatu, arobaini na nne. Kelbury na sare yao, arobaini na tano.

Akaandika tena. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho na namba zikafutika, lakini jibu lilikuwa lile lile. Kwa sare Marsdale inatoka kwenye ligi ya kulipwa baada ya miaka tisini na saba, na iliyoiua ni penseli yake. Ushindi tu ndio ungetosha: arobaini na tisa, ondoa tatu, arobaini na sita, Kelbury wabaki na zao arobaini na nne.

Alikaa, kisha akasimama, kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi. Akasoma kanuni mara ya tatu na ya nne, akitafuta tundu la kupenya, na saa ya ukutani ikawa inakimbia. Hakusikia kipindi cha pili kikianza.

Alichosikia ni watu juu ya dari wakicheka.

Hawakuwa wanashangilia. Walikuwa wanacheka. Alifungua mlango akatokeza kichwa kwenye njia ya jukwaani. Ilikuwa dakika ya sitini na nane, hakuna aliyefunga, na Kelbury, timu ambayo ni ishinde au ife, ilikuwa inamtoa mshambuliaji wake mrefu na kumwingiza beki.

"Wamekata tamaa!" mtu akapayuka. "Wapeni na blanketi walale!"

Kwenye jukwaa la wageni walikuwa wanamtukana kocha wao wenyewe. "Mbele, wewe! Tunataka goli! Unamlinda nani?" Maskini, nao hawakuambiwa. Waliojua siri ile kiwanja kizima walikuwa Stainforth, kocha wake, na sasa Beryl.

Beryl akainua macho hadi viti vya wageni. Stainforth alikuwa anamtazama yeye, si mpira. Akamnyanyulia kikombe cha chai.

Hapo akaelewa yote. Barua ya malalamiko mzee huyu aliitunza tangu Machi. Hakuipeleka mapema, kwa sababu tungepata muda wa kujikomboa. Alingoja mpaka tusiwe na mechi nyingine tena, ila leo ulimi ukamwasha, akashindwa kungoja filimbi ya mwisho.

Niwaambie ukweli: Beryl aliwaza kunyamaza. Barua ingefika ofisi ya ligi Jumatatu, na nani angejua kwamba yeye alijua tangu Jumamosi? Angelia pamoja na wengine. Angeshikwa mkono, angepewa pole. Alisimama pale mlangoni akiwa ameshika kitasa, na dakika nzima ikapita hivyo hivyo.

Kisha akaanza kushuka kuelekea uwanjani.

Kwenye geti la kuingilia pembeni mwa uwanja alisimama Clifford, mlinzi wetu, kizibao cha manjano kimembana tumbo.

"Pasi, Bi Beryl."

"Clifford, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Pasi iko wapi?"

"Nimeiacha ofisini. Nipishe, namtaka kocha."

"Mpira ukichezwa haingii mtu bila pasi, hata awe mfalme. Nani aliniandikia hivyo karatasi mbili nzima, akanitia na saini?"

"Mimi."

"Basi unajua alivyo mkali mama yule. Atanifukuza kazi."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kanuni aliyoivunja inamzika, na kanuni aliyoitunga inamzuia kujifukua.

"Clifford," akasema, na chozi likamdondoka. "Usiponipisha, mwakani hutakuwa na geti la kulinda."

Clifford akamtazama usoni. Miaka kumi na tisa wamefanya kazi pamoja, hajawahi kuona chozi la Beryl. Akafungua geti, akageuka kutazama bendera ya kona.

"Mimi sijaona mtu," akasema.

Kocha wetu, Fergus Braid, Mskoti mwenye kipara, alikuwa amesimama kwenye mstari wake mikono mifukoni, anapiga mluzi. Dakika ya sabini na sita. Mabeki watano nyuma, mpira unazungushwa polepole. Alikuwa na furaha ya mtu anayengoja keki itoke jikoni.

"Bosi, lazima tushinde."

"Na mimi nataka nywele. Rudi ukakae, Beryl."

"Sare haitoshi."

"Arobaini na sita na moja ni ngapi?"

"Arobaini na saba. Lakini watatukata tatu."

Alimmiminia yote kwa pumzi moja, ukungu, msalaba, bahasha. Braid ni mtu wa kufokea hata mvua. Safari hii hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Beryl kupita kiasi. Rangi ilimtoka kocha mpaka kwenye midomo.

"Una hakika?"

"Nimeisoma mara nne."

"Nani mwingine anajua?"

"Stainforth. Na kocha wao."

Braid akageuka kulitazama benchi la Kelbury. Kocha wa pale alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, kama aliye likizo. "Ndiyo maana hawaji," Braid akanong'ona. "Nilidhani wanatuogopa. Wanatungoja tufe wenyewe."

"Nisamehe, Fergus."

"Jumatatu nitakutukana. Nitakutukana vizuri, kwa nafasi. Sasa nitokee hapa."

"Ormerod utamwambia?"

"Nimwambie goli lake ndilo linalotuzika? Miguu itamfia pale pale. Asiambiwe kitu!"

Akaita wachezaji wawili wa akiba. Akatoa mabeki wawili, akaingiza washambuliaji wawili.

Uwanja ulidhani ameingiwa na wazimu. "Braid, umekunywa nini?" "Kaa nyuma, mshenzi! Tumeshapona!" Nami nilikuwepo, jukwaa la mashariki, nikamtukana kwa maneno ambayo mhariri hataniruhusu kuyachapa. Naomba radhi. Sikujua.

Beryl alijibanza kwenye kiti kitupu mstari wa mbele, nyuma ya goli la Kelbury, kando ya Bi Edie Tattersall. Bi Edie ana miaka themanini na minne na hakosi mechi. Magotini alikuwa na mfuko wake wa sokoni, na ndani yake chupa ya chai na mwiko mdogo wa kupandia maua.

"Mbona umepauka, mwanangu? Kunywa chai."

"Siwezi, Bi Edie."

"Zimebaki dakika nane tu. Filimbi ya mwisho nami naingia kuchukua kipande changu cha nyasi. Nina cha mwaka ule tuliopanda kwa mchujo, nimekipanda kando ya waridi, kimeshika mpaka leo." Akaupigapiga mfuko. "Hiki cha kunusurika nitakiweka mlangoni."

Beryl hakumsikia hata neno. Kelbury walikuwa wamenasa mpira, na nyuma yetu hapakuwa na mtu. Winga wao alikimbia peke yake nusu uwanja, akapiga. Mpira ukagonga mlingoti, ukarudi uwanjani, kipa wetu akauangukia kama mama anayeangukia mtoto.

Watu elfu nne walikosa pumzi. Beryl alijing'ata mkono.

Dakika ya themanini na nane, kichwa cha Ormerod kikapita juu ya goli. Dakika ya tisini, kona mbili, hakuna kitu. Ubao wa nyongeza ukainuliwa: nne. Mashabiki wakaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, na kila sekunde waliyoihesabu kwa furaha ilimchoma Beryl kama sindano. Aliwatazama wanavyokumbatiana, akaona haya kuwa mmoja wao.

Dakika ya tisini na nne. Krosi ya mwisho. Beki wa Kelbury, yule yule aliyeingizwa kulinda sare, akaruka na mpira ukamgonga mkononi.

Refa akapuliza kipenga kirefu, akaelekeza kwenye nukta. Penalti!

Penalti kwetu! Beryl akaruka. Ushindi ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka langoni.

Lakini msomaji wangu, fikiri. Walioiona ile nukta ikielekezwa labda walikuwa mia tatu. Waliosikia kipenga walikuwa elfu nne, na elfu nne hao walikuwa wanangoja kipenga kimoja tu. Na timu ikinusurika siku ya mwisho, sisi hatukai kwenye viti. Tunaingia.

Wakaingia. Waliruka uzio wa pande zote nne, wakimwaga karatasi za bluu na nyeupe, wakiwabeba wachezaji mabegani, wakiimba kwamba tumepona. Wachezaji wetu wenyewe walikuwa wanapiga kelele, "Bado! Bado!" na hakuna aliyewasikia. Bi Edie naye alikuwa ameshafunguliwa geti dogo. "Nipisheni, wanangu, goti linaniuma," watu wakamsikia akisema, na mwiko wake mkononi.

Refa alizipeleka timu zote mbili ndani. Mdomoni mwa njia ya kuingilia akamwambia Braid, na Beryl, aliyewakimbilia, akisikia:

"Dakika kumi. Uwanja usipokuwa mtupu, navunja mechi. Wataamua mezani."

"Na penalti yangu?"

"Mechi ikivunjika, penalti ya nani?"

Mechi isiyofika mwisho si mechi. Beryl hakuhitaji tena kitabu. Mezani tungepewa sare, na sare ilikuwa kaburi.

Mtangazaji wetu, Trevor, alikuwa pale pale kando, anabembeleza kwenye kipaza sauti. "Tafadhali, ondokeni uwanjani. Mechi haijaisha. Tafadhali." Wakamzomea. Kila mwaka Trevor huwaomba waondoke, na kila mwaka humjibu kwa wimbo. Nusu ya watu walidhani ni utani, nusu nyingine hawakujali. Goli likiingia au lisiingie, wao si wamepona?

Zikapita dakika nne. Tano.

"Trevor, nipe hicho," Beryl akasema.

"Utawaambia nini ambacho sijawaambia?"

"Sababu yake," Beryl alisema.

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa anawaona. Yule muuza samaki na viazi wa mtaani kwake. Fundi wake wa bomba. Wale wanawake wanaomchemshia chai ya wageni kila mechi bila kulipwa. Wote walikuwa wanacheza juu ya kosa lake.

"Mimi ni Beryl," akasema.

Wengine wakashangilia. "Beryl wetu! Njoo ucheze!"

"Hatujapona."

Kelele zikapungua kidogo.

"Mwezi wa pili nilikosea. Nilimruhusu mtu aliyefungiwa acheze, na barua ya kutushtaki imo mfukoni mwa mwenyekiti wa Kelbury, yule pale juu. Watatukata pointi tatu. Sare inatushusha daraja. Si kosa la mchezaji, si la kocha. Ni langu. Ni penseli yangu." Akameza mate. "Mna haki ya kunichukia. Lakini nichukieni mkiwa kwenye viti vyenu. Tuna penalti. Nawaomba uwanja."

Nyuso elfu nne ziligeuka kumtazama mwanamke mmoja mwenye sweta ya bluu.

"Miaka tisini na saba!" mtu akalia. "Miaka tisini na saba, Beryl!"

Gilasi ya plastiki ikaruka kutoka gizani mwa jukwaa, bia ikammwagikia shingoni. Hakujifuta. Alisimama hivyo hivyo ikimchuruzika, na alisema baadaye kwamba wakati ule hofu ilikuwa imemwisha kabisa, kama jino lililong'olewa.

Kisha muuza samaki akageuka akaanza kutembea kurudi kwenye kiti chake. Wa pili akamfuata. Halafu wote, bila wimbo, kama watu wanaotoka mazikoni. Dakika ya tisa uwanja ulikuwa mtupu.

Ila jukwaa la wageni sasa lilianza kuimba. Nao walikuwa wamesikia. Nao walijua kwamba mpira usipoingia, waliopona ni wao.

Hofu ikamrudia Beryl yote.

Timu zikatoka. Ormerod alikuwa wa mwisho, mpira kwapani. Kuta za chumba cha kubadilishia nguo ni nyembamba, kila neno lilifika. Akasimama mbele ya Beryl.

"Aliyefungiwa ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na lile goli langu?"

"Ndilo hilo."

Ormerod akautazama mpira kitambo, kama anayesoma maandishi yake.

"Ile chai ilikuwa tamu, lakini," akasema, akaenda zake.

Miguu yake ilikuwa inatetemeka. Niliiona mimi kutoka mbali, sembuse kipa wa Kelbury.

Mtunza uwanja alikuwa anakimbia huku na huku akishindilia mashimo kwa buti. Akaipaka nukta chokaa mpya. Refa akaikagua nukta, akazitikisa nyavu, akatazama saa. Mdomoni mwa goli karatasi za bluu na nyeupe zilikuwa zimelala tele, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzizoa.

Beryl akarudi mstari wa mbele, akageukia ukuta. Kando yake Bi Edie alikuwa ameshakaa, anahema, mfuko wake magotini.

Kipenga.

Alisikia hatua za Ormerod, nne, tano. Akasikia buti likigonga mpira. Akafumba macho akangoja kelele, na alijua kwamba zikitoka kushoto, kwa watu wetu, tumepona, zikitoka kulia, kwa wageni, tumekufa.

Kelele hazikuja, si za kushoto wala za kulia.

Akageuka.

Kipa wa Kelbury alikuwa ameuokoa kwa mguu, lakini mpira ulikuwa umembingirikia nyuma, polepole, hadi katikati ya zile karatasi mdomoni mwa goli. Pale ukadidimia. Kulikuwa na shimo. Mpira ulikaa ndani ya shimo ukatulia, na kipa akautupia mwili mzima, akaukumbatia, akawa amelala juu yake hajitikisi.

Wachezaji wetu waliinua mikono: limeingia! Wale wa Kelbury wakainua yao: halijaingia! Mshika kibendera alikuwa hatua sita tu kutoka pale, na alikuwa anatikisa kichwa kwa refa. Hajui.

Kwenye daraja letu hakuna mashine ya kuamua goli. Kuna macho ya refa na chokaa chini. Refa akapiga magoti. Akamwambia kipa asijongee hata kidole, akaanza kuzipangua karatasi moja moja kwa mkono, akitafuta. Alitafuta kushoto kwa shimo. Akatafuta kulia. Akarudi tena katikati, na uso wake ukabadilika.

"Beryl, mwanangu," Bi Edie alisema kwa sauti ndogo. "Wanatafuta nini pale?"

"Mstari, Bi Edie. Mstari wa goli."

Bi Edie akaufungua mfuko taratibu. Beryl akainama, akachungulia ndani.

Kando ya chupa ya chai kulikuwa na kipande cha nyasi mbichi, ukubwa wa mkate, na katikati yake umepita mstari mweupe wa chokaa.